Tovuti ya oda za dagaa imelala tangu jana usiku, naambiwa "muda si mrefu" tu. Nisubiri au nihame?

MwaloKibirizi
Wakuu habari za mchana. Niko Kigoma, naomba ushauri wa haraka. Tunauza dagaa na mawese kwa jumla, wateja wa Dar, Mwanza na Shinyanga wanaweka oda kwenye tovuti. Jana saa tatu usiku ikagoma kufunguka. Kampuni ninayokodi seva kwao nimeipigia mara tatu. Jana: "mafundi wanalishughulikia." Leo saa mbili asubuhi: "kabla ya mchana." Saa saba: "muda si mrefu." Sasa ni saa nane. Giza limebaki siku tano, mbalamwezi ikiingia mitumbwi inapumzika na oda zinakauka. Niendelee kusubiri au nihamie kampuni nyingine?

Kasulu_Kwetu
Pole mkuu. "Muda si mrefu" ni ndugu yake "nipo njiani" ya mtu ambaye bado anatafuta kiatu 😂. Waulize hivi: taarifa inayofuata mnanipa saa ngapi? Usiwaulize itapona saa ngapi, hilo hata fundi anaweza asilijue. Saa ya kukupigia anaijua, na ikipita una pa kumshikia.

MamaMigebuka
Na wateja wako je, umewaambia nini? Waandikie sasa hivi: "Tovuti haifunguki. Oda tunapokea kwa simu mpaka saa kumi na mbili jioni. Taarifa nyingine saa mbili usiku." Basi. Usiandike "tutarejea hivi punde", utakuwa unawafanyia kilekile unachofanyiwa. Daftarini weka jina, kilo, mji, amelipa au bado.

MzeeWaUjiji
Vijana mnasaini mikataba bila kusoma. Fungua mkataba utafute asilimia ya muda wanaoahidi seva itakuwa hewani. Wakiandika 99.9, kwa mwezi wa siku 30 wanaruhusiwa kulala dakika 43. Wakiandika 99 tu, ni saa 7 na dakika 12. Wewe tangu saa tatu usiku mpaka saa nane mchana ni saa 17. Dai fidia yako kwa maandishi.

FundiSeva_Tabora
Kabla ya kusubiri au kuhama, tuambie unaona maandishi gani kwenye kioo, neno kwa neno. "Haifunguki" ni kama kumwambia daktari "naumwa".

MwaloKibirizi
Mama, ujumbe nimetuma, asante. Mzee shikamoo, mkataba nautafuta. Fundi: kwenye simu inaandika 503. Kwenye kompyuta ya ofisini inasema anwani ya seva haikupatikana. Hiyo tofauti sidhani kama ina maana, ninachotaka kujua ni kusubiri au kuhama.

Isevya_Mjini
Hii chai, na imetiwa tangawizi. 503 ni seva iliyojibu: "nipo ila siwezi kukuhudumia." Anwani kutopatikana maana yake jina la tovuti halikutafsirika kuwa anwani ya seva, hakuna seva iliyofikiwa kabisa. Tovuti moja haiwezi kufa vifo viwili kwa wakati mmoja. Mtoa mada ameokota makosa mawili mtandaoni akayabandika. Weka picha.

Kasulu_Kwetu
Nilishaanza kumwonea huruma jamani. Picha mkuu.

MzeeWaUjiji
Vifo viwili vinawezekana. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotea duniani kote kwa karibu saa sita. Njia za kuzifikia seva zake za DNS (zile zinazotafsiri jina la tovuti) zilifutika kwenye mtandao, jina likawa halitafsiriki, watu wakadhani limefutwa kabisa. Na 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania nzima ikawa tovuti hii inafunguka, ile hapana.

Isevya_Mjini
Mzee wangu, hapo kila mtu aliumia. Leo tovuti nyingine zote zinafunguka. Huyu anaumia peke yake.

FundiSeva_Tabora
Isevya uko sahihi kuhusu maana ya makosa, ila hitimisho siyo. Majibu mawili kwenye vifaa viwili hutokea mtu akibadilisha seva za majina (ndizo hizo za DNS) za domeni, yaani za jina la tovuti. Simu na kompyuta ziko kwenye mitandao tofauti. Mmoja bado umeshika kumbukumbu ya zamani, mwingine umeshachukua mpya. Mtoa mada, jana kabla ya saa tatu usiku kuna mtu aligusa seva za majina? Jibu ndiyo au hapana.

MwaloKibirizi
Ndiyo, nilibadilisha mimi, saa mbili na nusu. Nililipia kampuni mpya wiki iliyopita. Lakini sikukurupuka, ya zamani ilikuwa nzito mwezi mzima, na mpya wanasema mambo yanakaa sawa ndani ya saa 24 hadi 48. Ya zamani inaisha leo saa sita usiku, nilishaomba wasiihuishe. Nilichotaka ni mtu aniambie niifute sasa ili mpya ishike haraka.

FundiSeva_Tabora
USIIFUTE. Kuifuta hakuharakishi chochote. Oda zako zilizopita ziko wapi? Umechukua hifadhidata?

MwaloKibirizi
Nilianzisha kufunga kila kitu kwenye zip moja saa mbili usiku, GB 14, ndani ya seva ileile. Haijaisha. Nilidhani picha na mafaili yanatosha.

FundiSeva_Tabora
Basi 503 yako nadhani ni hiyo. Zip ya GB 14 kwenye akaunti ndogo inakula michakato yote, mgeni akija hapati nafasi. Wapigie sasa, usiwaulize itapona lini. Waambie: "Katisheni kazi ya zip kwenye akaunti yangu, na huisheni mwezi mmoja."

Kwenye kompyuta: seva za majina za kampuni mpya hazina rekodi za domeni yako. Umewaelekeza watu kwenye ofisi ambayo hujaifungulia jalada. Na ile 48 ina chimbuko lake: kwa .com, kumbukumbu ya seva za majina ina TTL (muda wa kushikwa kabla ya kuulizwa upya) ya sekunde 172800, ndizo saa 48. Kwa hiyo hata ukirudisha za zamani sasa hivi, walioshika mpya wanaweza kubaki nazo siku mbili. Usirudishe. Ingia paneli mpya, ongeza domeni, halafu rekodi ya A (inayosema tovuti iko seva gani) iandikie IP, yaani anwani ya namba, ya seva ya ZAMANI, TTL 300. MX (rekodi ya barua pepe) nakili herufi kwa herufi. Hapo anayepita njia mpya na anayepita ya zamani wote wanafika nyumba moja. Hakikisha kwa amri ya `nslookup jina-lako 8.8.8.8`, IP ikiwa ya zamani umemaliza.

MamaMigebuka
Na barua pepe za tangu jana zimepotea?

FundiSeva_Tabora
Kwa kawaida hapana mama. Seva ya mtumaji ikikosa mpokeaji hurudia kujaribu, mara nyingi kwa siku nne hadi tano. MX ikikaa sawa leo zitaingia zenyewe.

MwaloKibirizi
Wakuu, saa kumi na dakika ishirini. Wamekatisha zip, 503 imeondoka dakika hiyohiyo. Mwezi mmoja nimelipia. Rekodi ya A na MX nimeweka, kompyuta ya ofisini imefungua, oda za Shinyanga nimeziona zote. Sasa natoa hifadhidata peke yake, .sql ya MB 86, halafu usiku huu nahamia mpya moja kwa moja. Hapo sirudi nyuma, hela nilishatoa.

FundiSeva_Tabora
Hela haiozi kwa wiki moja. Pandisha mafaili na hiyo .sql huko mpya, halafu kwenye kompyuta yako tu fungua faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, andika IP mpya na jina la tovuti. Wewe utaona mpya, wateja wataendelea na zamani. Weka oda ya majaribio mpaka mwisho. Cheti cha usalama kiulizie mapema, njia ya kawaida hakitoki mpaka jina lielekee seva mpya. Siku ya kuhama simamisha oda, toa .sql nyingine maana hii ya leo itakuwa imechakaa, ndipo ubadilishe A kwenye paneli zote mbili. TTL ya zamani nayo ishushe 300 siku moja kabla.

MamaMigebuka
Na uhame mbalamwezi. Mitumbwi iko ufukweni, oda hakuna, hata ukikosea unamkosea nani?

MwaloKibirizi
Hilo sikuliwaza kabisa mama. Sawa, mbalamwezi.

Isevya_Mjini
Chai naiondoa mezani, samahani mkuu. TTL kwenye MX umeweka ngapi?

MwaloKibirizi
Imeandika 14400.

Isevya_Mjini
Ishushe nayo iwe 300.