Kamati inataka watu 400, sisi tunataka harusi ya kizamani ya watu 150

Mwana wa Kimbweta:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi na mchumba wangu tulikutana Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mwaka wa kwanza, wiki ya mitihani. Nilienda kunywa chai, kurudi nikamkuta amekalia kimbweta (yale mabenchi ya zege ya kujisomea nje) nilichowekea daftari langu. Hakuhama, alisogea tu. Tangu hapo bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, tukawa tunakula pamoja: langu likiisha tunahamia lake, lake likiisha tunarudi kwenye chipsi kavu.

Barua ya posa ilipokelewa, mahari nimemaliza (nadaiwa blanketi la bibi tu), ndoa ni ya kanisani, Desemba, hapa Dar.

Shida ni sherehe. Mwenzangu ana picha ya harusi ya wazazi wake, Bukoba, 1986. Alikuwa ameibandika ukutani hosteli. Shela la mikono mirefu, suti nyeusi na tai ya kipepeo, wapambe wawili, keki ya ngazi tatu, meza zina vitambaa vyeupe. Anataka hivyohivyo. Kamati, mwenyekiti mjomba wangu, imeshapitisha watu 400, moshi wa jukwaani, na eti niingie ukumbini nacheza. Sijui kucheza jamani! Halafu aliyeahidi 100,000 ya kadi ya watu wawili nitamwambiaje asije?

Mweka Hazina Mstaafu:
Mdogo wangu, ulikosea kumkabidhi mjomba daftari la michango kabla ya orodha ya wageni. Ila usiogope, ahadi si hela. Nimeshika hela za kamati tisa na sijaona hata moja ambayo walioahidi walilipa wote. Kadi zisichapwe mpaka wiki mbili za mwisho, zichapwe kwa waliolipa. Na kikaoni usiende kubishana, mtume mshenga. Huyo alishazoea kusikia maneno ya wakwe.

Shika Maiki:
Mimi ni MC. Tunafuata ratiba tunayopewa, kwa hiyo andikeni: "maharusi wanaingia kwa kutembea." Kinachoua harusi ya heshima ni utambulisho. Ukoo mzima ukisimama mmojammoja ni saa nzima, wali umepoa, bibi harusi anasinzia. Tambulisheni kwa meza.

Mrombo Halisi:
Mjomba wako anaitwa nani, au niache? Kama ni Wachaga wenzangu, Desemba nusu yetu tunakuwa tumeshapanda Moshi. Weka tarehe 27 uone 400 watakavyojipunguza. Lakini ndafu je, yule mbuzi mzima wa kuchoma? Ukileta ngazi tatu za keki ukasahau mbuzi, wazee hawatakusamehe.

Mwana wa Kimbweta:
Mrombo umenipata, ni watu wa kwetu kabisa. Tarehe 27 mama kakataa, anasema nataka kumzika akiwa hai.

Mshenga ameenda jana jioni, kaenda na ile picha. Mjomba aliiangalia muda mrefu, akauliza hiyo suti ilishonwa wapi. Ameshuka mpaka 220, moshi umefutwa, natembea. Ndafu lazima, na akae mezani mbele kabisa na majani yake mdomoni. Mwenzangu kakubali, ila kamwambia mpiga picha mbuzi asionekane kwenye ile moja ya kubandika ukutani.