Mbuzi wanaendelea kujikuna hata baada ya sindano

Mfugaji wa Kongwa
Ndugu wafugaji, habari za kazi. Mbuzi wangu, hasa majike wanaonyonyesha na vitoto vyao, wanajisugua kwenye nguzo za banda, wananyonyoka manyoya mgongoni na wamekonda ingawa malisho yapo. Walidungwa ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, wiki mbili zilizopita, lakini muwasho haujakoma. Je, huu ni ukurutu au ni chawa?

Mtaalamu wa mifugo
Ndugu mfugaji, kabla ya kununua dawa nyingine, mshike mbuzi mmoja juani, uyatenganishe manyoya ya mgongoni na shingoni, kisha utazame kwa makini. Ukiona wadudu wadogo wa hudhurungi iliyofifia, wenye kichwa kipana, wakikimbia katikati ya manyoya, hao ni chawa watafunaji. Wao hula magamba ya ngozi, hawanyonyi damu, na ndiyo maana dawa ya sindano huwafikia kwa shida. Chawa wanyonyaji wana kichwa chembamba, hung'ang'ania ngozi, na huweza kuvipunguzia damu vitoto hadi vikafa; hao sindano huwamudu. Ukurutu una sura nyingine: ngozi huwa nene, hukunjamana na kuota magaga masikioni, puani na kuzunguka macho. Utitiri, yaani wadudu wanaouleta, ni mdogo mno, hivyo daktari hukwangua ngozi na kuipima kwa hadubini.

Mfugaji wa Mpwapwa
Wakiwa ni chawa watafunaji, waogeshe kwa amitrazi, dawa ya kuogeshea mifugo, kundi zima, asubuhi ya siku yenye jua ili wakauke mapema, na ufuate kipimo cha kwenye chupa bila kukisia. Dawa haiui mayai yaliyonata kwenye nywele, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili. Wengi huishia kwenye mwogo wa kwanza, nalo ni kosa kubwa, sawa na kumwacha beberu mmoja bila kuogeshwa.

Mfugaji wa Kongwa
Nimewatazama leo: ni wale wanaokimbia, na ngozi haina magaga. Sasa nina wasiwasi, kwa kuwa tunakunywa maziwa yao.

Mtaalamu wa mifugo
Acheni kuyanywa kwanza. Ivermektini hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka katika maziwa kwa siku nyingi, kwa hiyo muulize daktari aliyewadunga akupe tarehe ya kuanza kuyanywa tena. Kwa amitrazi, soma kwenye lebo muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa. Chawa wa mbuzi hawaishi kwa binadamu, kwa hiyo kwa hilo msiwe na hofu.