Naomba ushauri: samaki walleye wa ziwa Lac Seul, Julai

Wavuvi wenzangu, salamu. Naishi Winnipeg, Kanada, na Julai narudi Lac Seul, jimbo la Ontario, wiki nzima na baba mkwe. Kambi inafikiwa kwa boti tu, duka hakuna, kwa hiyo nisichobeba sitakipata.

Mwaka jana machweo tulipata walleye wazuri, maana macho yao huona vyema kwenye giza. Lakini mchana, jua kali, patupu! Nilijaribu visamaki hai na chubwi ndogo kando ya magugu, mita 3, nikanasa samaki wengine tu, pike. Mzee alivunjika moyo, na hilo liliniuma.

Je, mchana niwafuate walleye kwenye kina cha mita ngapi, kwenye miamba au ghubani? Na chambo nibebe ruba au minyoo?