Mnaofundisha kugawa moldi kwa mfano wa kikombe mnatuibia hela

Wakuu habari za jioni. Naandika hapa nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Nimelipa laki tatu na nusu, wikendi sita mfululizo, nauli juu yangu kutoka Mbagala kwenda na kurudi, kozi imetangazwa kabisa kwamba utajifunza kugawa moldi ya kumimina alumini (yaani kukata bloku ya moldi vipande viwili vinavyofunguka na kuachia kitu kilichomiminwa) kwenye SolidWorks, programu ya kuchora vifaa kwenye kompyuta, mwanzo mpaka mwisho. Jina la mwalimu sitaji, waliokaa naye darasani watamjua tu.

Unajua wikendi zote sita tumegawa nini? Kikombe. Kikombe cha plastiki cha duara, hakina tundu, hakina mpini, mdomo wake bapa. Bonyeza hapa, bonyeza pale, moldi imeachana vipande viwili, watu wanapiga makofi. Hata mtoto wa darasa la tano ukimwonyesha vitufe vile kwa mfuatano anagawa kikombe.

Mimi nimeenda pale kwa sababu karakana ninayofanyia kazi tulikuwa na kazi ya kava la klachi ya pikipiki. Hizi kava mnaziona kila siku kwenye bodaboda, ni alumini iliyoyeyushwa ikasukumwa kwa presha kubwa ndani ya moldi ya chuma, ikiganda moldi inafunguka na pini zinaisukuma nje. Nikafungua faili langu, nikafuata mfuatano ule ule wa kikombe, programu ikaniambia mstari wa mgawanyo (pale vipande viwili vya moldi vinapokutana) umekamilika lakini moldi haiwezi kuachana. Nikampigia mwalimu. Akasema zima kompyuta uwashe. Nikazima nikawasha. Nikampigia tena, akasema labda versheni yako ya zamani, tafuta mpya. Mara ya tatu hakupokea, na WhatsApp ameona ujumbe akakaa kimya.

Siku nne sijalala vizuri na hilo kava mpaka nikaja kuelewa mwenyewe, na ni kitu cha kueleza kwa dakika kumi jamani! Kava lina matundu ya boliti yanayotoboa mpaka upande wa pili, sasa kila tundu lililo wazi ni mlango kati ya kaviti (upande wa moldi unaounda nje ya kava) na kori (upande unaounda ndani), usipoliziba kwa kiraka, yaani uso mwembamba unaochora kufunika tundu, programu haiwezi kujua chuma cha upande huu kinaishia wapi na cha upande ule kinaanzia wapi. Viraka vyote vikae, na visiache hata upenyo mdogo, ndipo bloku ya moldi inakatika vipande viwili. Kikombe hakina tundu, ndiyo maana darasani kilikuwa kinakubali kila siku.

Halafu drafti, yaani ule mteremko mdogo wa kuta unaofanya kitu kitoke kwenye moldi bila kung'ang'ania. Hivi mtu unafundishaje kugawa moldi bila kupima drafti kwanza? Unachagua moldi itafunguka kuelekea wapi, programu inapaka rangi, nyuso zinazotoka na upande mmoja zinakuwa kijani, za upande wa pili nyekundu, na zile zilizosimama wima bila mteremko zinakuwa njano. Pale kijani inapokutana na nyekundu ndipo mstari wako unapopita, yaani mstari hauchorwi kwa kukisia, umbo lenyewe ndilo linakuonyesha. Kava langu lilikuwa njano tupu ukuta wote wa ndani. Alumini ikipoa inasinyaa na kukumbatia kori, ukuta usipokuwa na mteremko, hata digrii 1 au 2, ile kava itang'ang'ania pale, pini zitaitoboa au kuipinda kabla haijatoka. Hili sikuambiwa hata kwa bahati mbaya.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Darasani tulifundishwa kabla ya kugawa unakuza modeli kwa asilimia 2, kufidia kusinyaa kitu kikipoa, tukaandika kwenye madaftari, asilimia 2. Nikafanya hivyo. Nikapeleka faili kwa mzee mmoja mwenye mashine ya CNC, ile inayokata chuma kwa kufuata faili la kompyuta, chuma cha moldi cha H13 kimeshafungwa mezani, mzee akapima kwenye skrini umbali wa boliti mbili za mwisho akaniuliza, kijana, unamimina plastiki au alumini? Nikasema shikamoo mzee, alumini. Akasema mbona umekuza kama plastiki. Alumini ya daikasti, hii ya kusukumwa kwa presha, mnaikuza kama asilimia 0.6 hivi. Umbali wangu ulikuwa milimita 120, kwa 0.6 unapata 120.72, kwa asilimia 2 unapata 122.4, yaani kava lingetoka limezidi milimita moja na nusu na zaidi, na boliti za injini haziwezi kusogea zikufuate. Chuma kikishakatwa hakirudi. Pesa ile isingekuwa ya mwalimu, ingekuwa ya bosi wangu, na kibarua changu kingeota nyasi.

Mzee huyo huyo ndiye aliyeniambia kuhusu lile tundu la pembeni la mkono wa klachi. Moldi inafunguka juu na chini, tundu limelala ubavuni, kitakachounda tundu lile lazima kivutwe kwa pembeni kabla kava halijatoka, ndiyo slaida hiyo, inavutwa na pini iliyokaa mshazari wakati moldi inafunguka. Au kama tundu ni dogo na kazi si ya maelfu ya vipande, akasema, liache, mimina kava bila tundu utoboe baadaye kwa drili, utaokoa gharama kubwa. Amenieleza tumesimama, bila kunidai hata mia.

Nikamtumia mwalimu ujumbe mrefu nikamuuliza mbona slaida hukutufundisha. Leo ndiyo amejibu, baada ya siku tisa. Eti slaida, viraka na drafti ziko kozi ya pili, laki mbili, darasa linaanza mwezi ujao, niwahi nafasi.

Mimi kozi ya pili sitaki. Tangazo lilisema alumini, mwanzo mpaka mwisho, nimelihifadhi na risiti ninayo. Nataka laki tatu na nusu yangu, na wale tisa tuliokuwa nao darasani wapigiwe simu waambiwe wafute ile asilimia 2 kwenye madaftari kabla mmoja wao hajapeleka chuma cha watu kwenye mashine.