Vituo vya dharura: tukubali jibu la makadirio au tudai lililo bora kabisa?

Wadau, tuchukue mfano. Maeneo yanayofaa ni 10,000, fedha zinatosha vituo 50 tu vya magari ya wagonjwa. Wapo wanaoshikilia kwamba uhai wa watu hauamuliwi kwa makadirio, lazima litafutwe jibu bora kabisa. Mimi napinga.

Kila kituo kipya hufikia watu zaidi, ila nyongeza yake hupungua kadiri vituo vinavyoongezeka, kwa kuwa wengi wameshafikiwa. Hiyo ndiyo tabia ya fanksheni submodula. Mwaka 1978 Nemhauser, Wolsey na Fisher walithibitisha kuwa ukichagua kimoja kimoja, kila mara chenye nyongeza kubwa zaidi, hushuki chini ya asilimia 63 ya jibu bora. Mwaka 1998 Feige akaonyesha kuwa hakuna algoridhimu ya haraka inayoweza kuahidi zaidi, labda P iwe sawa na NP, yaani kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa haraka liwe pia linatatuliwa haraka.

Njia hiyo ya kimoja kimoja hupima nyongeza karibu mara 500,000. Ile ya sampuli nasibu, ya Mirzasoleiman na wenzake (2015), hutazama maeneo kama 920 tu, yaliyookotwa kwa bahati nasibu, kila hatua, jumla 46,000 hivi, na ahadi inashuka hadi asilimia 62. Ahadi hiyo ni ya wastani, kweli. Basi irudiwe mara kadhaa, libaki jibu lililoshinda.

Jambo ninalolipigania ni hili: 63 ni sakafu ya hali mbaya kuliko zote, na wananchi wana haki ya kujua hali yao wenyewe. Ukishapata jibu, pima nyongeza ya kila eneo lililobaki, ujumlishe nyongeza 50 kubwa kuliko zote. Tuseme umefikia watu 900,000 na jumla hiyo ni 60,000. Kwa kuwa nyongeza hazikui, hakuna mpangilio utakaozidi 960,000, kwa hiyo umeshafika karibu asilimia 94. Hesabu hiyo ni ya mzunguko mmoja tu! Wanaopanga vituo walazimishwe kuitangaza pamoja na jibu.

Ninapolegea ni kwenye masharti magumu zaidi. Ukisema kila wilaya isizidi vituo viwili, ahadi ya kuchagua kimoja kimoja inaanguka hadi nusu. Kurudi 63 kunahitaji mbinu nzito zaidi, kama ile ya Calinescu, Chekuri, Pál na Vondrák. Hapo mimi ningesubiri jibu la mbinu hiyo nzito.

Mnaopinga makadirio: mpangilio wenye uthibitisho wa asilimia 94 mngeukataa kwa hoja gani?