Uingereza: leseni ya Tanzania mwisho miezi 12, halafu nafasi za mtihani ziko kwa walanguzi!

Wakuu, salaam. Leo sipindishi maneno. Nimechoka na nina hasira, na najua wabeba boksi wenzangu wengi wa huku wanaumia na jambo hili hili kimya kimya.

Kwa wasiojua, sheria iko hivi. Ukihamia Uingereza na leseni ya Tanzania unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi hapa. Ikiisha, leseni yako haina kazi tena. Jioni ya siku ya mwisho umetoka kazini unaendesha, polisi akikusimamisha mnaagana vizuri. Kesho yake asubuhi, kwenye gari lile lile na barabara ile ile, wewe ni lena, yaani mwanafunzi wa udereva, hadi ufaulu mtihani wao. Unabandika L nyekundu mbele na nyuma, na pembeni yako lazima akae mtu wa miaka 21 au zaidi aliyekaa na leseni angalau miaka 3. Ukithubutu kuendesha peke yako, bima inakuwa haikuhusu, na kukamatwa bila bima hapa ni pauni 300, pointi 6, na gari linaweza kuondoka na breakdown mbele ya macho yako.

Mimi ni dereva. Nimesoma NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, nimevuta lori la mzigo Dar hadi Tunduma kwa miaka, mlima Kitonga naujua kona kwa kona, usiku, mvua, mafuso yamelala katikati ya barabara bila hata tawi la mti nyuma yake. Halafu nakaa pembeni ya kijana wa miaka 22 ananionesha jinsi ya kukunja kiplefti, na namlipa pauni 38 kwa saa. Tena tunaendesha upande ule ule wa kushoto wanaoendesha wao, na kushoto hiyo ni wao walioiacha kwetu!

Nisieleweke vibaya. Sipingi mtihani. Kila nchi ina haki ya kumpima mtu kabla ya kumwachia barabara zake, na barabara za hapa ni salama kuliko zetu, hilo sibishani nalo. Nipimeni. Nipimeni kesho asubuhi nikiwa nimetoka zamu ya usiku, niko tayari. Tatizo ni kwamba hiyo kesho haipo. Unaambiwa mlango uko wazi, ukifika unakuta foleni inayouzwa.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Kazini kwangu kuna jamaa wa Zimbabwe, tumeingia nchi hii msimu mmoja. Yeye alijaza fomu, akalipa pauni 43, akatuma leseni yake ya kwao, akarudishiwa ya Uingereza. Basi! Hakuna mtihani wa nadharia, hakuna mtahini, hakuna kulipa mwalimu. Zimbabwe imo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa, Afrika Kusini nayo imo, na wana miaka 5 ya kufanya hivyo tangu waanze kuishi hapa. Tanzania haimo. Sina kijicho na yule ndugu, ni mtu mwema na amenipa lifti mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu. Ila naomba mtu anieleze barabara ya Bulawayo inamfundisha dereva kitu gani ambacho ya Makambako haimfundishi.

Sasa kwa nini gari ni suala la kufa na kupona? Kazi tuliyoletewa karatasi ni ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, na wengi wetu tuko upande wa majumbani. Asubuhi unaanza kwa bibi mmoja kijiji hiki, unamwinua kitandani, unamwogesha, unampa dawa na chai. Ratiba inakupa dakika 15 uwe umefika kwa babu wa kijiji cha pili. Kwa gari inawezekana. Kwa basi, huko mashambani linapita mara moja kwa saa, na Jumapili kuna vijiji halifiki kabisa. Huyo babu mguu mmoja umekatwa, hawezi kushuka kitandani mwenyewe. Ukichelewa anakusubiri akiwa amelowa. Nimeshamkuta hivyo, analia kwa aibu, mtu aliyekuwa fundi wa reli maisha yake yote, ananiomba msamaha yeye. Siku ile ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Na mwajiri hana subira. Huwezi kuendesha, saa zinapungua, kipato kinapungua, na ukiachishwa ukapunguziwa viza una siku 60 tu za kupata sponsa mwingine, yaani mwajiri wa kukudhamini viza, au ufungashe. Waajiri wengi wa kea ya majumbani, sharti la kwanza kwenye tangazo ni leseni ya Uingereza na gari lako mwenyewe. Zungusha utakavyo, unarudi kwenye leseni.

Haya, tuingie kwenye makaratasi yenyewe. Kabla ya mtihani wowote unatakiwa upate leseni ya kujifunzia. Mtandaoni ni pauni 34. Mfumo ukaikataa pasi yangu kwa sababu majina hayalingani: kwenye leseni ya Bongo majina matatu yamekaa kama tunavyoyaandika sisi, kwenye viza wameyapanga kivyao. Kumbuka zile kadi za ukaazi zilifikia ukomo mwishoni mwa 2024 tukahamishiwa kwenye viza ya mtandaoni, kwa hiyo mkononi huna hata kadi ya kumwonesha mtu. Nikaambiwa nichukue fomu ya karatasi posta, nilipe pauni 43, na ndani ya bahasha niweke pasi yangu halisi.

Nikatuma kwa mamlaka yao ya leseni. Wiki zikapita. Bahasha ikarudi na karatasi moja yenye visanduku, wameweka alama ya vema kwenye kimoja: sahihi haiko ndani ya kisanduku. Nikaitoa fomu nikaiangalia dirishani kwenye mwanga. Mkia wa herufi ya mwisho ya jina langu umegusa ule mstari mweusi wa pembeni, unene wa uzi. Kwa sababu hiyo ombi zima limerudishwa. Fomu mpya, picha mpya, pasi inarudi tena kwao. Unapiga simu, muziki unacheza hadi sikio linapata moto, halafu laini inakatika. Katika wiki zile baba mdogo akafariki Songea. Pasi iko kwao. Msiba wa mtu aliyenisomesha nimeuhudhuria kwenye simu, nimekaa ukingoni mwa bafu ili wenzangu wa nyumba wasisikie.

Halafu mtu anakwambia huku ulaya mambo yananyooka. Yananyooka kwa yupi?

Nadharia sitaisemea sana. Pauni 23, maswali 50, unatakiwa upate 43, kisha unaoneshwa video 14 unabofya unapoona hatari inaanza. Ni Kiingereza au Kiwelisi tu, tafsiri na wakalimani waliondolewa mwaka 2014. Kuna kina mama wa Kikongo na wa Kiburundi hapa mjini, madereva wazuri kabisa, wanakwama hapo. Ila angalau chumba cha nadharia kinapatikana.

Jipu lenyewe ni mtihani wa barabarani. Bei halali ni pauni 62 siku za kazi na 75 jioni au wikiendi. Mfumo unaonesha wiki 24 mbele, na kwenye vituo vingi hizo wiki zote 24 zimejaa. Nafasi mpya zinafunguliwa Jumatatu saa 12 asubuhi. Unaamka kabla ya hapo, unaingia, unakuta namba yako kwenye foleni ya mtandao ni ya maelfu. Unasubiri umeshika simu huku unavaa sare. Zamu yako inafika: hakuna nafasi kituo hiki, hakuna cha jirani, iliyopo ni Scotland. Mimi niko Midlands, katikati ya Uingereza!

Zimeenda wapi? Zimenyakuliwa na watu wenye programu za kompyuta zinazobofya kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi. Wengine wametumia akaunti za walimu kukamata nafasi kwa majina ya wanafunzi wao, kisha wanabadilisha jina akipatikana mnunuzi. Baada ya dakika chache nafasi zile zile ziko WhatsApp na Telegram, nafasi ya pauni 62 inauzwa mara tatu, mara nne, na zaidi. Mimi nimetajiwa bei ambayo ni kodi ya chumba changu ya wiki mbili. Huu ni ulanguzi, hauna jina lingine. Yule mpiga debe wa Ubungo aliyekuwa anatuuzia tiketi ya Krismasi kwa bei ya kuruka tulikuwa tunamwita mhalifu, tena angalau alikuwa anaonekana sura na unaweza kumshika shati.

Serikali yao inajua. Mwishoni mwa 2025 walitangaza kwamba mwanafunzi mwenyewe tu ndiye atakayeruhusiwa kujiwekea nafasi, na kwamba wataleta watahini kutoka jeshini wasaidie. Mimi sitaki tangazo. Miaka imepita tangu foleni hii ianze wakati wa korona, vijana wa hapa hapa, wazawa, wanalia nayo. Kama mtoto wao aliyezaliwa hapa anazungushwa, mimi mgeni ambaye saa ya miezi 12 inahesabu na viza inahesabu, nisimame wapi?

Na hata ukiipata, usishangilie. Yangu ilifutwa asubuhi ya siku yenyewe. Ujumbe mfupi kwenye simu, mtahini hayupo, tutakupangia tarehe nyingine. Nimeshachukua siku bila malipo, nimeshalipa gari la mwalimu. Tarehe mpya ikaja ya miezi kadhaa mbele. Huku cheti cha nadharia nacho kina miaka 2 tu, kikiisha kabla hujafaulu barabarani unaanza upya na unalipa upya. Na karibu nusu ya wanaofanya mtihani huu wanafelishwa. Ukifeli, siku 10 za kazi ndipo unaruhusiwa kurudia, lakini kurudia wapi wakati hakuna nafasi? Unarudi kwa mlanguzi.

Bima nayo. Wakati leseni ya Bongo bado ni halali, kampuni nyingi hazikutaki, zinazokutaka zinakutajia bei iliyozidi gari lenyewe. Miaka yote niliyoendesha bila ajali haihesabiwi, mfumo unaniona dereva wa siku ya kwanza. Na ushuru wa barabara: tangu Oktoba 2014 ukinunua gari mtumba, ushuru aliolipa mwenye gari hauhamii kwako. Yeye anarudishiwa miezi kamili tu, wewe unalipa kuanzia mwanzo wa mwezi huo huo. Mwezi mmoja, gari moja, serikali imekula mara mbili. Sisi tukifanya hivyo wanatuandikia ripoti ya rushwa.

Najua kuna watakaokuja na "rudi Bongo kama huko hapafai". Ndugu zangu, nimekopa kuja hapa, nina watoto shuleni, na nina wazee hapa wanaonitegemea niwainue asubuhi. Jibu la "rudi" halimsaidii mtu yeyote. Na wale wa "ungeanza mapema": nimeanza wiki ya kwanza, someni tena hapo juu.

Kwa ambao bado mko Bongo mnajiandaa kuja: anzeni kusoma nadharia huko huko. Hakikisheni majina kwenye pasi, leseni na ombi la viza yamepangwa sawasawa, herufi kwa herufi. Msimlipe mlanguzi kabla hamjaona, maana wengine hawana hata hiyo nafasi, wanakula hela na kukublock. Na nafasi za waliojitoa zinadondoka mchana na usiku moja moja, kwa hiyo endeleeni kuchungulia hata saa mbovu.

Lakini hasira yangu nyingine iko nyumbani. Orodha ile ya nchi zinazobadilishiwa leseni si sheria ya Mungu. Mwaka 2021 waliongeza Falme za Kiarabu, Taiwan, Ukraine na Makedonia Kaskazini. Nchi huingia pale inapotokea mazungumzo na wakaridhika na mitihani yake. Sisi viongozi wetu kila wakija London wanakutana na diaspora ukumbini, tunaambiwa tutume hela nyumbani, tujenge, tuwekeze. Mimi binafsi sijamsikia hata mmoja akigusa suala la leseni. Kama tatizo ni leseni za kununua, zile za mtu kupata bila kukanyaga hata kozi, basi tusemezane ukweli na zisafishwe, maana dereva aliyesoma kihalali ndiye anayelipia uchafu huo huku.

Kwa hiyo mwenye mbunge anayepokea simu, ampelekee swali hili liulizwe kwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya nje, kwa maneno haya haya: Je, Serikali imewahi kuiomba Uingereza iiweke Tanzania kwenye orodha ya nchi zinazobadilishiwa leseni, ilijibiwa nini, na kama haijawahi kuomba, itaomba tarehe ngapi?