Kama hujui mahameli, usiguse makochi ya watu!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na hili siku tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Nina kochi la mahameli la watu watatu, kijani iliyokolea. Mwanangu akamwaga chai ya maziwa kwenye kiti cha katikati. Doa lenyewe halikuzidi kiganja. Nikachukua taulo jeupe, nikakandamiza na kuinua, nikakandamiza na kuinua, bila kusugua hata kidogo, kikabaki kivuli tu. Ningeishia hapo leo ningekuwa nimelala usingizi wangu. Lakini nikajifanya mstaarabu, nikaita "wataalamu" wa kuosha makochi.

Wakaja vijana wawili na ndoo, sabuni ya unga, mashine ya kufyonza maji na brashi ngumu, zile za kusugulia sakafu. Hakuna aliyeuliza kitambaa ni cha aina gani. Hakuna aliyeinua mto kutafuta lebo. Nikamuuliza mkubwa wao, "Kaka, hii ni mahameli, mnaipiga maji?" Akanijibu bila hata kunitazama: "Dada, hii kazi tunaifanya kila siku." Nikanyamaza. Hapo najilaumu mwenyewe.

Wakapaka povu kochi zima, wakaanza kusugua kwa kuzungusha, kama mtu anayepambana na sufuria iliyoungulia ugali. Walipomaliza lilikuwa linachuruzika. Wakasema likikauka nitawashukuru.

Lilikauka siku ya tatu, maana sponji ilikuwa imelowa mpaka ndani. Manyoya yamegandana vishungi vishungi, magumu, ukipitisha mkono ni kama ulimi wa paka. Pale palipokuwa na kivuli cha chai sasa pana duara lenye ukingo wa kahawia, kubwa kuliko sinia. Na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Wenye mahameli mnajua ule mchezo wake: ukipitisha kidole upande mmoja mstari unakuwa mweusi, ukirudisha unafutika. Mwanangu alikuwa anaandika jina lake kwenye mkono wa kochi, halafu analifuta kwa kiganja. Juzi nimemkuta anajaribu. Anachora, hakitokei kitu.

Nikawapigia simu. Jibu: "Dada, kochi lako lilikuwa limechakaa tayari, uchafu ndio ulikuwa unalishikilia." Yaani uchafu ndio uliokuwa unasimamisha manyoya! Nilicheka kwa hasira.

Nikaenda kuitafuta ile lebo mwenyewe. Iko chini ya mto wa kiti, imeshonwa kwenye mshono, nilihitaji dakika moja kuiona. Imeandikwa aina ya uzi: viskosi. Na herufi moja kubwa: S. Kwa msiojua (nami sikujua, lakini mimi siyo ninayelipwa), kwenye makochi mengi herufi hizo ndiyo maelekezo ya usafi. W maana yake dawa za maji zinaruhusiwa. S ni dawa za kuyeyusha mafuta tu, za namna ya drai klina, maji yasiguse. WS zote mbili sawa. X usiweke chochote, fyonza vumbi basi. Herufi moja tu! Hata kama hujui kusoma lebo nzima, herufi moja inakushinda?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa watu wanaichukulia mahameli kama kitambaa cha aina moja. Mahameli ni namna ya kufuma, siyo jina la uzi. Aghalabu hufumwa vitambaa viwili vinavyotazamana, nyuzi zikipita katikati kuviunganisha, kisha kisu kinapita kati na kuvitenganisha. Zile ncha zilizokatwa ndizo manyoya yenyewe. Sasa nyuzi hizo zinaweza kuwa hariri, pamba, viskosi, poliesta au nailoni, na kila moja ina tabia zake. Poliesta hainywi maji, ukiipangusa kwa povu jepesi itakuvumilia, ingawa doa la mafuta huing'ang'ania. Viskosi inatengenezwa kwa rojo la mbao, inakunywa maji, inavimba na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikiwa imelowa. Ukiisugua katika hali hiyo manyoya yanalala, na kuyaamsha ni shughuli. Lile duara nalo halina uchawi: maji yanaposambaa yanasukuma uchafu na sabuni mpaka ukingoni, yakikauka yanaviacha hapo hapo.

Na nyie wa video za mtandaoni hamponi leo. Eti changanya siki na soda ya kuokea, mwaga, tazama povu linavyokula doa. Siki ni asidi, soda ni kinyume chake, vikikutana vinauana. Povu lile ni gesi tu inayotoka, unachobaki nacho ni maji ya chumvi. Mwingine anasema weka taulo upige pasi. Pasi kwenye mahameli! Inayalaza manyoya, na ikiwa ni poliesta inakuachia alama inayong'aa maisha yako yote.

Kwa aliye na kochi kama langu ambalo halijapata balaa: vumbi lifyonzwe kwa kichwa chenye brashi laini, kufuata mlalo wa manyoya. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza nyuma chini, mahali pasipoonekana, na usihukumu mpaka pakauke kabisa, kwa sababu mahameli mbichi inadanganya. Ukipangusa kwa kitambaa cheupe kikatoka na rangi, acha. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani, zishike kwa kibano uzichome juu ya sahani. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Pamba na viskosi zinawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Hariri inanuka nywele zilizoungua.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mkuu uliyeuliza kuhusu mvuke, nimejaribu leo asubuhi. Nimeushika mbali kidogo bila kugusa kitambaa, kidogo kidogo kisilowe, kisha brashi laini ya nguo kinyume na mlalo. Mgongo wa kochi umeamka kiasi. Kiti cha katikati bado kimekufa, na duara liko pale pale, mvuke hauliondoi. Uliyesema ningenunua la ngozi, asante, sikuuliza.

NYONGEZA YA PILI: Yule kijana mkubwa amenitumia ujumbe jioni hii. Nikafungua haraka nikijua ni msamaha. Anauliza, kwa kuwa makochi tayari, waje lini kuosha zulia.